Mikono ya Leocadia Migongoni mwa Alpaka

Ukimwuliza mtu yeyote wa kijiji cha milimani cha Huacchani ni nani mwenye vidole vinavyoona kuliko macho, atakuelekeza kwa Leocadia Turpo. Tangu usichana wake alichambua sufu mjini Arequipa. Miaka kumi na mmoja alikaa kati ya wanawake wenzake, akishika fungu na kusema hii laini, hii ya kati, hii ya kusokotea kamba, huku macho yake yako dirishani. Alipoolewa na Sabino Huarsaya na kurudi milimani kuchunga alpaka, wale wanyama wa sufu wa jamii ya ngamia, vidole alikuja navyo.

Mwaka ninaousimulia walikuwa na majike ishirini na wawili, na waliozaa walikuwa tisa tu. Kundi lisilozaa, ndugu zangu, linakufa polepole mbele ya macho ya mwenyewe. Wengine walisema ni baridi, wengine wakasema mlima umenuna, haukupewa sadaka ya majani ya koka ya kutosha. Leocadia aliupa mlima koka yake, maana mlima haupuuzwi. Kisha, siku ya kukata sufu, kila jike aliyetoka chini ya mkasi alimpitishia kiganja mgongoni, nyuma ya ubavu wa mwisho.

“Sabino, hebu shika hapa. Huyu si ndiye tuliyemwita bibi harusi kwa unene?”

Sabino akashika. Mgongo ulikuwa umechongoka kama paa la nyumba.

“Sufu imetudanganya,” Leocadia akasema. “Tunampandisha jike mwenye njaa. Mimba inashika, mwili unachungulia ghalani, unakuta patupu, unaiachia. Sisi tunabaki kulaumu baridi.”

Majani mazuri yalikuwapo. Bonde la chemchemi lilikuwa bichi hata kiangazi, mali ya Sabino na kaka yake Nicanor. Ila tangu enzi za baba yao bonde lile lililiwa na madume, hasa madume wa maonyesho, na dume wa Nicanor aitwaye Jenerali alikuwa na utepe wa ushindi tangu mwaka juzi. Leocadia akazungushia kipande kizuri cha bonde ukuta wa mawe, akawaingiza majike wenye migongo ya paa. Watatu aliowakuta na mgongo bapa kama meza, mafuta tupu, akawapeleka juu mlimani kwenye majani makavu, maana unene uliozidi nao huzuia mimba.

Nicanor hakukawia kufika.

“Shemeji, nasikia umefungua hoteli ya wakondefu.”

“Nimefungua, shemeji. Wewe kwa kiuno hicho hutapokelewa.”

“Cheka tu. Anayeleta mtoto ni dume. Ndivyo baba alivyotufundisha.”

“Baba mkwe alikuwa na mvua za kutosha, Mungu amrehemu. Jembe zuri halioteshi kitu juu ya mwamba. Na huyo Jenerali wako kanenepa mpaka akipanda mara moja anatafuta pa kulala.”

Sabino akakohoa ili asicheke.

Wakaafikiana. Mwezi wa nne majike wote ishirini na wawili wataletewa dume wa kuwapima mimba. Wakipatikana kumi na watano wenye mimba, bonde litabaki la kina mama. Wasipotimia, ukuta utabomolewa, Jenerali atarudi kwenye majani yake, na Leocadia hatalitaja bonde tena.

Mvua zikaanza, majirani wakaanza kupandisha. Leocadia alingoja. Kila Jumamosi alipitisha kiganja, na aliyekuwa bado na ncha ya paa alirudishwa kula.

“Mama Leocadia, mvua zitatuacha,” Sabino akamwambia.

“Wakishiba ndipo watapandishwa. Mgongo ukiwa mviringo kama kilima, nitakwambia.”

Akamwambia, jike baada ya jike, hadi wote wakapandishwa.

Mwezi wa nne ukafika. Kipimo cha huko hakihitaji daktari: jike asiye na mimba akimwona dume hukunja miguu na kulala chini kumngoja, mwenye mimba hutema mate na kurusha teke. Sabino alishika kamba ya dume. Nicanor alisimama ubavuni, karibu mno, ahesabu mwenyewe.

Wa kwanza akalala chini. Wa pili akalala chini.

“Wamechoka na hoteli,” Nicanor akasema.

“Endelea, Sabino,” Leocadia akajibu, mikono kiunoni.

Wa tatu akanyoosha shingo, akatema. Dume aliinama, na majani mabichi yaliyotafunwa yakamjaa Nicanor usoni. Wa nne akatema. Wa tano akatema na teke juu. Nicanor alihesabu akijipangusa kwa kofia, na harufu ile haitoki kwa kofia. Mwishoni wenye mimba walikuwa kumi na wanane.

Nicanor alikwenda chemchemini kunawa, akachelewa kurudi. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini, “Shemeji, hawa majike wangu thelathini, wana hali gani?”

“Sijui mpaka niwashike.”

“Na wembamba wataingia bondeni?”

“Wataingia. Wanene watapanda mlimani, na Jenerali wako pamoja nao. Kutembea hakujaua dume.”

Nicanor alitazama bonde, kisha ukuta. Kwa majike hamsini na wawili, wake na wa Sabino, ulikuwa umebana mno. Akavua vazi lake la poncho, akainama, akang’oa jiwe la pembeni ili ukuta usogezwe mbele.