Tofali Yenye Ilinyamaza

Mi najuaka tofali na sikio. Miaka yote natengeneza matofali hapa Kabondo: nagonga na kidole, naweka sikio karibu. Ikilia ngo-ngo kama sahani, imeiva. Ikilia puu kama tumbo ya mutu ameshiba, naweka pembeni, itajenga choo.

Sasa papa moja mwenye anajenga maternité, nyumba ya wamama kuzalia, akaniambia eti matofali yangu ipite kwanza ku labo, kwenye wanapima nguvu yake. Nilicheka mpaka machozi!

"Papa, labo ni hii sikio!"

Ye hakucheka. "Mama, leta tano. Zote zikipita, nanunua matofali ya tanuru muzima. Moja ikikosa, naenda kwa mwingine."

Tanuru muzima! Nikachagua tano, moja moja, nikafunga mu liputa, kitenge ya zamani, mutu wa toleka akanibeba na baiskeli yake.

Ku labo, mwenye kushika mashini ni nani? Mujukuu wangu! Mutoto nilibeba mugongoni, leo iko na viatu nzito na miwani kama ya watu wa soudure, wenye kuunga vyuma na moto.

"Koko, toa kitambaa yenye inaning'inia. Na bangili."

"Bangili imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Lakini mashini ikishika, haijui kuachilia." Akanivalisha miwani, akanionyesha mustari ya jaune, rangi ya manjano, chini. "Simama hapa. Usipite."

Mashini ni chuma mbili nene. Ya juu inashuka polepole, kama mama munene anakaa ku kiti, tofali iko katikati. Mbele kuna mulango ya kioo nene. Ya kwanza, pa! Ya pili, pa! Ya tatu pia. Mujukuu anasoma uzito yenye kila moja ilibeba kabla ipasuke, anaandika: imepita, imepita, imepita. Mi nacheza kidogo nyuma ya mustari.

Ya ine ikanyamaza.

Chuma inasukuma, tofali haisemi kitu. Mi na tofali yenye haisemi, sijui kukaa mbali! Miguu ikaenda yenyewe. Nimepita mustari, nimeshika mulango, nimefungua, kichwa imeinama, sikio inaenda.

"Koko!!!"

Ule mutoto hajawahi kunipigia kelele tangu azaliwe. Akapiga kifungo nyekundu, akanivuta nyuma, ameshika kamisole nimevaa, mulango akafunga na goti. Mashini ikanyamaza. Nikataka kumutukana, maana nilizani imekwisha.

Kumbe chuma ilikuwa bado imekalia tofali.

PAA!

Eeh, Mungu wangu! Kipande ikapiga kioo, ikaacha alama nyeupe. Nikasogea pole pole kupima na macho. Alama ilikuwa pale pale kwenye sikio yangu ilikuwa inaenda. Nikashika sikio, kuona kama iko. Iko. Nikashika tena. Mujukuu alikuwa amekaa chini kama muzee, na mi ndio muzee!

Kisha akasema, sauti ndogo: "Ile haihesabiki, koko. Nilisimamisha mashini."

"Andika tu imepita. Tuko siye mbili tu, nani atajua?"

"Koko, ni maternité."

Nikavua miwani, nikamurudishia.

Nikarudi Kabondo na toleka kuchukua ingine. Nilitaka kuchagua, lakini kidole ilikataa kugonga. Nikachukua yenye ilikuwa karibu. Hata sikuisikiliza! Mi, kubeba tofali bila kuisikiliza, na tanuru muzima iko juu yake!

Ku labo tena, ya tano, pa! Imepita. Ikabaki ile ya kuokota. Nyuma ya mustari, kitambaa mu kitunga, bangili mu mufuko, nikaziba masikio na vidole, nikakaza macho.

Nikaona vumbi nyuma ya kioo. Nikaona mudomo ya mujukuu inafunguka, meno yote inje. Nikatoa kidole moja.

"Koko, imepita! Zote tano! Kuja uone!"

Nikaangalia chuma. Ilikuwa haijapanda.

"Ngoja kwanza," nikamwambia, na kidole nikarudisha mu sikio.