Taya la Kondoo Shingoni

Asubuhi hiyo nilikuwa nimpeleke mpwa wangu shuleni, basi. Mpango mwingine sikuwa nao. Nilimshika mkono, tukapita vibanda vya mboga, tukaruka mtaro, tukaufuata ua mrefu wa waya wa shule, na tulipofika getini miguu yangu haikusimama. Mlinzi alitupungia mkono akidhani tumepitiliza kwa kusahau. Mtoto aligeuza shingo akalitazama geti likibaki nyuma, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza tunakwenda wapi. Alikuwa hajamuuliza mtu kitu kwa wiki kadhaa.

Ndani ya begi lake, chini ya vitabu, kulikuwa na taya la kondoo.

Nilikuwa nimeingia Kitengela mwezi huo huo, nikitokea Matasia ambako nilikuwa nikichimba mashimo ya nguzo za ua kwenye ploti za watu. Kazi ilipokwisha nikaenda kwa dada yangu kwa sababu ana kochi. Sikumaliza shule ya msingi, na tangu nilipoiacha sijakaa mahali pamoja hadi majirani wakanizoea. Dada yangu ndiye aliyetulia. Anashona nguo kiwandani na hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Sisi ni Wakamba, na mimi na yeye tukiwa pamoja huongea Kikamba tu, lakini mume wake ni Mmaasai wa Rombo, kule mpakani chini ya mlima, na siku nyingi huwa huko na ng'ombe. Binti yao alilelewa Rombo na nyanya yake hadi alipofikisha umri wa kuanza shule. Akaja Kitengela akiwa na miaka sita na lugha moja, Kimaa.

Mwanzoni mwa mwaka dada aliniambia kwa simu kwamba mtoto ni redio, anaongea hata akiwa na chakula mdomoni. Mimi nilipofika nilikuta mtoto asiyetoa sauti.

Hakuwa mgonjwa. Alikula, alicheza na maji, aliniinamishia kichwa nikiguse, kama watoto wa kwao wanavyowasalimia wakubwa. Jumapili moja mchana alilala kwenye kochi langu, nikaona midomo yake ikienda mbio kama mtu anayesimulia kisa kirefu. Niliinama karibu sana. Pumzi tu.

"Shule wanasema asiposoma kwa sauti kabla ya kufunga, hawatamrudisha darasani," dada aliniambia. "Nimtafutie shule ya watoto wasiosikia. Na anasikia! Mwambie akuletee maji uone."

Kitu kingine nilichokiona ni kwamba begi lake la shule halikuwa likiingia ndani. Kila jioni alilitundika nje, kwenye msumari wa kamba ya nguo, mbali na dirisha. Mbwa wa ploti, anayebwekea hata kuku, akifika pale alishusha kichwa na kuzunguka. Mimi siwezi kuacha mfuko uliofungwa. Nililifungua. Ilikuwa nusu ya taya, meno yote mahali pake, jeupe na laini kwa kushikwashikwa na mikono midogo, limetobolewa tundu na kupitishwa kamba. Nilipogeuka, mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu. Alijiziba mdomo kwa mkono mmoja. Kisha akaninyooshea ule mwingine juu, akaniziba na mimi.

Aliyenieleza ni msichana wa jirani, wanasoma darasa moja.

"Hiyo ni Meno," alisema, akikaa mbali nayo. "Ukiongea lugha ya kwenu shule, unavaa. Unatembea nayo mpaka usikie mwingine akiongea ya kwao, unampea. Mwenye ataenda nayo nyumbani, asubuhi anapiga magoti mbele ya parade."

"Na huyu?"

"Huyu hapeani! Tunaongea karibu na yeye, anajifanya hajasikia. Kila asubuhi ni yeye magoti. Mjinga kabisa."

"Sasa mbona haongei hata hapa nyumbani?"

Alinitazama kama mimi ndiye mjinga. "Anko, si Meno iko kwa bag? Inasikia. Ilisikia shosho yake kwa simu. Sasa imemshika."

Jioni nilimuuliza dada, na ikawa kweli. Jumapili moja nyanya alipiga simu kutoka Rombo, dada akaweka spika, simu ikiwa mezani kando ya begi, maana siku hizo begi lilikuwa bado likiingia ndani. Nyanya huyo huongea kwa simu kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya bonde. Aliongea Kimaa kitupu mpaka salio likaisha. Tangu siku hiyo namba yake haipatikani. Baba mtoto alikuwa amehamisha ng'ombe mbali kutafuta nyasi, naye hakuwa na habari. Dada alidhani ni chaji. Lakini mtoto alikuwa amejumlisha mwenyewe. Anayesikika ndiye huvaa. Nyanya alisikika. Na sauti ya nyanya ikaacha kuja.

Nilikwenda shuleni wakati wa mapumziko. Nilisimama nje ya ua wa waya nikawaona watoto wakikimbia, wakipiga kelele kwa lugha zote za Kitengela. Kisha mpwa wangu akatoka darasani, lile taya kifuani. Kelele zilikatika mahali alipokuwa. Alipotembea kuelekea bembea, kimya kilitembea naye, duara kamili, watoto wakinyamaza mbele yake na kuanza tena nyuma yake. Ndani ya duara hilo nilisikia viatu tu kwenye kokoto. Alikaa kwenye bembea. Wengine wakashuka.

Mwalimu wake alikuwa msichana mpole, wa huku huku Kajiado. "Wazazi ndio wanataka Kiingereza," alisema. "Hiyo kitu niliikuta hapa."

"Inasikia?"

Alicheka, akaacha. "Ni mambo ya watoto."

Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe akamsalimia kwa Kimaa. Mwalimu alifungua mdomo kujibu, na kabla ya neno kutoka, vidole vyake vilikuwa vimepanda shingoni, vikapapasa pale kamba hukaa. Hapakuwa na kamba. Akaitikia kwa Kiingereza.

Ndiyo maana geti lilitupita. Sikuwa nimeamua chochote. Barabarani lori la nyasi lilikuwa limesimama likibadilisha gurudumu, nikamsaidia dereva kukaza nati, nikamuuliza anaelekea wapi, akasema Kajiado, Mashuuru, hadi Emali. Nilijua Emali ndiko magari ya kwenda mlimani hupatikana. Nikampandisha mtoto mbele.

Dada alipiga simu tukiwa Isinya, wakati wa chai ya kiwandani. "Shule wanasema hajafika!"

"Tunaenda kumtafuta nyanya yake."

"Nilikwambia umpeleke shule. Shule! Ni kilomita ngapi kutoka hapa hadi shule, wewe?" Nilisikia cherehani nyuma yake, nyingi, kama mvua. "Na mkimkosa?"

Hilo nilikuwa sijalifikiria. Mtoto alikuwa akinitazama mdomo.

"Mvalishe sweta," dada akasema, akakata.

Mjini Kajiado dereva alishuka kula. Mimi na mtoto tulikaa kwenye benchi la mama wa chai. Nilifikiri, kama mfupa una sheria, basi tuutumie kwa sheria yake. Nilimwambia kwa Kiswahili, ambacho alikuwa ameshaanza kukielewa, "Nisikilize vizuri." Kisha nikasema karibu Kimaa chote ninachokijua. "Enkare. Kule. Enkiteng." Maji, maziwa, ng'ombe. Nilisema kwa sauti kubwa na matamshi mabaya hadi mama wa chai akaangua kicheko.

"Umenisikia?"

Mtoto akatikisa kichwa. Hapana.

"Enkiteng!"

Hapana. Machozi yalikuwa yamejaa lakini kichwa kilikataa, kulia, kushoto. Nikaelewa jinsi alivyokuwa amewalinda watoto wote wa darasa lile, hata wanaomwita mjinga, kwa kutikisa kichwa hivyo hivyo.

"Haya. Mimi nimejisikia mwenyewe," nikasema. Nikafungua begi, nikalitoa taya, nikalivaa.

Begi lilikuwa juani tangu asubuhi, vitabu vilikuwa na joto. Taya lilikuwa baridi. Lilikaa kifuani pangu meno yakitazama mbele, na mama wa chai, ambaye alikuwa bado anacheka, akaacha, akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimepangwa tayari.

"Wewe ni mganga ama ni msanii?" dereva aliuliza aliporudi.

"Ni adhabu ya shule."

"Na hiyo miaka yako?" Alicheka sana. Alikuwa mtu wa maneno. Tangu Kitengela alikuwa amenieleza kuhusu nyasi, kodi ya nyumba na mama mkwe wake, nami nilikuwa nikimuuliza zaidi. Baada ya Kajiado simu yake iliita, akaipokea kwa lugha ya kwao, kisha akatupia jicho kifua changu. Akashusha sauti. Akaendelea kuishusha hadi ikawa mnong'ono, akakata simu kabla ya kuaga. Hakuongea tena. Hata mimi sikuuliza kitu. Mtoto aliketi kati yetu, macho yakitoka kwa dereva kuja kwangu, na niliona anajua hasa kilichotupata. Duara lilikuwa limehamia kwenye lori.

Baada ya Imaroro barabara inapita kwenye uwanda ulioumizwa na ukame. Mifupa ya mifugo ilikuwa bado kandokando ya barabara, mingine imekusanywa marundo, mingine imelala kama mnyama alivyoanguka. Sikuwahi kujua kwamba mzoga ukikauka taya hujitenga na kichwa. Yalikuwa kila mahali, mataya, mdomo wazi, yametuelekea. Mtoto aliyafuata kwa macho moja baada ya lingine. Vimbunga vyembamba vya vumbi vilisimama mbali na kututazama, kisha vikalala. Niliweka mkono juu ya meno ili yasiruke na mashimo ya barabara. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Emali tulipata probox ya abiria. Mlima haukuonekana, wingu tu mahali pake, jeusi upande wa chini. Tulifika Ilasit jua likizama. Sikuwa nimewahi kufika Ilasit kabla. Harufu ya vitunguu na udongo wenye maji, maduka yakishusha milango, na hakuna gari la kwenda Rombo hadi asubuhi.

Nyumba ya wageni ilikuwa nyuma ya duka la pembejeo, vyumba vinne vikitazama ua. Mwenyewe alikuwa mama mzee wa Kimaasai, shanga masikioni na jaketi la mwanamume mabegani. Alimwona mtoto kwanza.

"Takwenya!" akamsalimia.

Salamu hiyo ina jibu moja tu, na kutojibu ni utovu wa adabu. Mtoto aliinamisha kichwa, kikaguswa. Midomo ikacheza. Hakuna sauti.

"Huyu amekula ulimi wake? Na wewe mwanaume mzima, umebeba mdomo wa kondoo kama fisi, unapeleka wapi?"

"Rombo. Tunamtafuta nyanya ya mtoto." Nilimweleza boma liko wapi, karibu na mfereji, mama anayeleta maharagwe sokoni, na kwamba simu yake haipatikani. Nilipofika hapo sauti yangu ilikuwa imepungua, kwa sababu mtoto alikuwa amenishika suruali kwa mikono miwili.

Mama alikunja uso. "Mrefu? Anaongea namna hii?" Akapaza sauti ya kukwaruza hadi mlango wa chumba kimoja ukafunguka na kufungwa.

"Sijawahi kumwona. Nimemsikia tu kwa simu. Ni hiyo."

"Koko huyo, nyanya mwenyewe! Siku ya soko alikuwa hapa, alimgombeza mwenye mizani mpaka punda wakageuka. Simu aliangusha kwa birika la ng'ombe. Anasema ng'ombe wameinywa."

Akachuchumaa mbele ya mtoto, akamweleza yote tena kwa Kimaa, kirefu, kwa sauti kubwa, akiigiza mizani, akiigiza punda, akimwiga nyanya. Mtoto hakumtazama hata kidogo. Alilitazama taya. Mama alivyozidi kuongea ndivyo alivyozidi kulikodolea macho, na mimi pia nikalitazama, kidevu kifuani, tukingoja. Ua ulikuwa kimya sana nje ya sauti ile moja. Mama akamaliza, akasimama, akajipangusa magoti. Hakuna kilichompata.

"Iko," mtoto akasema.

Ndilo jibu la salamu. Lilikuwa limechelewa sana, na lilitoka na kutu. Papo hapo akaninyooshea mkono, kiganja juu. Alikuwa ameongea. Alitaka arudishiwe taya, lisije likaenda kwa yule mama.

"Nini?" nikamwambia. "Mimi sijasikia kitu."

Alinitazama. "Iko!"

"Sijasikia."

"Iko! Iko!" Kisha akamgeukia mama, akamshika jaketi, na yote yaliyokuwa yamekusanyika akayamwaga hapo uani, maswali juu ya maswali, huku mama akijibu na kututafutia ufunguo.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na ndoo. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimsikia akisimulia, hakunyamaza hata kupumua. Simu ikaita. Dada, kwa Kikamba kama kawaida yetu, akauliza tumekula nini, mtoto yuko wapi, hiyo ni sauti ya nani. Alilia kidogo. Kisha akasema mwalimu alikuwa amepiga, darasa limekuwa kelele tupu siku nzima, anauliza Meno iko wapi.

Kabla sijamjibu niliona mkono wangu umeshafika kifuani na kuyafunika yale meno. Nikamwambia ninayo mimi, na haitarudi.

Dada alipenga kamasi.

"Mbona," akauliza, "unaniongelesha Kiswahili?"