Maji Yalipita Nyuma Yetu

Nafundisha jiografia hapa Bariadi, na msinicheke. Kila mwaka nawachorea watoto ubaoni jua, mwezi na dunia, naandika kwa herufi kubwa KUPWA NA KUJAA, na anayekosa swali hilo kwenye mtihani namsema mbele ya wenzake. Bahari yenyewe nilikuwa sijawahi kuiona.

Likizo ya mwezi wa sita, pamba ikiwa imeshauzwa, nilimpeleka mama yangu pwani ya Tanga. Mama amelima maisha yake yote. Maji makubwa anayoyajua ni lambo la kunyweshea ng'ombe na Mto Simiyu. Tulifika jioni, bahari imejaa mpaka karibu na ngazi za nyumba ya wageni, mama akaitazama mpaka giza likaingia. Asubuhi tulipotoka, haikuwepo. Palikuwa na mchanga mtupu, na mbali kule fungu jeupe la mchanga limeinuka mbele ya maji.

Mama akashika kiuno. "Yamekauka?"

"Yamekauka, mayu. Twende."

Nilisema mimi, kwa kinywa changu. Kwetu mto ukikauka, umekauka. Unatembea katikati yake na ndoo, unachimba mchanga, unachota maji ya kunywa, na mpaka mvua inyeshe hakuna wa kukusumbua. Nilipouona mchanga ule, somo langu lote la ubaoni lilinitoka, nikabaki mtoto wa Simiyu.

Tulitembea karibu nusu saa, viatu mkononi. Njiani tulipita mashamba ya mwani, kamba zimefungwa kwenye vigingi mstari kwa mstari, na mama mmoja ameinama anavuna. Tulisalimiana naye tukaendelea. Kwenye fungu mama yangu alipiga magoti akachimba kwa mikono, kama nilivyojua atafanya. Maji yakatoka. Akaonja, akatema, tukacheka mpaka nikakaa chini.

Kisha nikaenda kuogelea upande wa mbele. Niliogelea kwa raha zangu, kama utotoni kule lamboni, nimempa mama mgongo, naye amekaa ananiangalia. Sijui nilikaa muda gani. Nilichokisikia ni ukelele: "Nyie! Tokeni huko! Bahari inajaa!"

Nikageuka. Pale tulipopita kwa miguu mikavu palikuwa bahari. Maji hayakuja kwa mbele nilikokuwa nayaangalia. Yalizunguka yakaingia kwa nyuma, kwenye bonde ambalo hata sikujua kama ni bonde. Fungu letu lilikuwa limebaki dogo kama uwanja wa nyumba. Mama hajui kuogelea hata kidogo, na mimi ndiye niliyemleta.

Aliyeita ni yule mvuna mwani. Alikuwa anatujia, maji yanamfika kifuani, anaburuta kamba yenye chupa tupu za plastiki. Mimi nilikuwa nimeshamshika mama mkono, namvuta moja kwa moja kuelekea nyumba ya wageni, maana ndiko karibu.

"Siyo huko!" akanifokea. "Huko ndiko kwenye mkondo. Fuateni vigingi."

"Lakini vigingi vinazunguka!"

"Dada, unabishana na mimi au na bahari?"

Niliuachia mkono wa mama. Alimfunga mama ile kamba ya chupa chini ya makwapa, tukaingia majini, kigingi hadi kigingi, vingine tukivitafuta kwa miguu. Katikati mama aliteleza. Nilimwona kichwa kinazama, kinaibuka, kitenge kinaondoka, na yeye anapiga maji kwa mikono yote miwili. Nikapiga kelele kama mwendawazimu.

"Bibi, acha kupigana nayo!" mvuna mwani akamwambia, ameishika kamba kwa nguvu. "Lala chali. Tazama juu. Mimi ninakuvuta."

Na mama yangu, ambaye hajawahi kukubali kuelekezwa na mtu, alilala chali. Chupa zikamshikilia. Tulimvuta hivyo mpaka miguu yetu ikapata mchanga mgumu. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile ni sisi wageni tuliopona.

Ufukweni watu walikuwa wanakunywa chai. Hakuna aliyejua chochote. Nilitapika maji ya chumvi. Mvuna mwani alimfunika mama kanga yake kavu, akanigeukia mimi.

"Ukifika kwenye bahari usiyoijua, kabla hujavua viatu, uliza maji yanarudi saa ngapi. Hata watoto wetu wangekwambia."

Nilishindwa hata kumwambia kazi yangu. Nilimshukuru, akaenda zake kutazama kamba zake.

Mama alisubiri afike mbali. Kisha akaniambia kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayeogopa kunikosea:

"Nilikuwa nayaona maji yanapita nyuma yetu. Tangu ulipoanza kuogelea."

Nilidhani hajaelewa anachosema. "Uliyaona? Mayu, kwa nini hukuniita?"

"Nikuite nikwambie nini? Mwalimu ni wewe. Nikajua unajua."