Mfadhili Kwenye Sakafu ya Mpunga

Mashine ya kukoboa mpunga niliyokuwa karani wake hapa Ifakara ilinunuliwa na bwana mmoja wa mfuko wa uwekezaji. Kazi yake, kwa jinsi nilivyoielewa, ni kukusanya pesa za watu, kununua kampuni iliyochoka, kupunguza wafanyakazi, kupaka rangi, kisha kuiuza kwa bei ya kitu kipya. Mimi sikupunguzwa kwa sababu najua Kizungu. Nilijiona mtu wa maana sana.

Nje ya mashine kuna sakafu pana ya saruji. Miaka yote wakulima walianika mpunga pale bure, kisha wakaukoboa kwetu. Bwana yule akasema sakafu haizalishi, akaizungushia uzio. Msimu huo mvua zikakawia kukatika, kila mahali tope, na mama yangu akaja kutoka Idete na magunia ya mpunga mbichi. Ndicho kilichokuwa chakula chake cha mwaka mzima.

Kabla ya kuiuza mashine, bwana akaja kutoa msaada: kila mama turubai moja, lenye picha yake mwenyewe akitabasamu. Sherehe ikapangwa pale pale kwenye sakafu. Kina mama waliposikia geti litafunguliwa, walielewa kama mtu yeyote mwenye akili angeelewa. Wakafika alfajiri, wakaanika.

Bwana alipoukuta mpunga umetandazwa alifurahi kupita kiasi, akadhani ni mapambo yake. Akaingia katikati na viatu ili apigwe picha. Kwetu mpunga hugeuzwa kwa miguu mitupu. Mama akamsogelea.

"Karibu, baba," alisema, kisha akanigeukia. "Mwanangu, mwambie avue viatu. Halafu mwambie geti libaki wazi siku mbili tu, la sivyo mpunga wangu utaota."

Nilimtazama meneja wa mashine aliyesimama kando ya bwana, meneja akanitazama. Nikasema kwa Kizungu changu kizuri kwamba mama anashukuru kwa moyo wote. Aibu iliniwasha masikio, lakini nilisema.

Bwana akamshika mama mikono yote miwili, akaitikia kwa kichwa. Jioni kina mama walipoambiwa wazoe, mama alizoa huku akiimba.

Asubuhi geti lilikuwa na kufuli. Mama hakumkasirikia mtu. Alikuja moja kwa moja kwangu, akanibembeleza mimi, mwanawe niliyesoma, nimpigie simu yule baba mwema, kwa sababu walinzi walikuwa hawajapata habari ya ahadi yake.