Nywele za Editha Hazikunyolewa

Mwalimu Mokami hakumnyoa mjukuu wake. Hili lisemwe kwanza, kwa sababu kwenye mashine ya kusaga na kwenye mnada wa ng'ombe pale Nyanungu limekwisha kusemwa lingine, na limesemwa na watu ambao siku hiyo hawakuwapo. Wanasema alipokea habari za msiba akazificha. Wanasema alimpitishia mtoto wembe kichwa kizima, kisha akamvika kofia ili mkwewe asijue kuwa amefiwa na mume. Wengine wameongeza kwamba mtoto mwenyewe si wa ukoo, ndiyo maana bibi yake hakuona uchungu. Hakuna hata moja lililo kweli. Wembe aliushika, ndiyo. Kofia ilikuwapo. Na hofu ilikuwapo, tena kubwa kuliko wanavyodhani.

Mokami alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Mumewe, Daudi Kisyeri, naye alikuwa mwalimu, na alifariki wakati mtoto wao wa pekee, Felix, ana miaka tisa. Ndugu wa mume walipokuja kuzungumza habari za kumrithi mjane, aliwapa uji, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akawaambia ana madaftari ya kusahihisha. Tangu hapo jina la nyumba ile amelishika yeye peke yake. Uwanja unafagiliwa kabla jua halijapanda, na hakuna aliyewahi kusikia sauti ya ugomvi ikitoka mle ndani.

Felix alikua, akawa dereva wa greda kwenye kampuni za barabara. Alimwoa Eugenia, Mmbulu wa Babati, nesi aliyeletwa na serikali kwenye zahanati ya Nyanungu. Mwaka huu Felix alikuwa kambini Katavi, na Eugenia alikwenda Mwanza kusoma kwa miezi sita. Mtoto wao, Editha, mwenye miaka mitatu na nusu, akabaki kwa bibi.

Editha alichukua nywele za mama yake. Ni laini, nyingi, zinajiviringa kama vile vikono vya mmea wa maboga vinavyotafuta pa kushika. Zilikuwa hazijawahi kukatwa. Katika ukoo wa Kisyeri mtoto hukatwa nywele mara ya kwanza baba yake akiwa amekaa mlangoni, na Felix kila alipopata likizo alisema, "Mama, ziache, ziko vizuri hivyo." Kunyolewa baba hayupo ni kitu kingine kabisa. Watoto wa shule hukatwa kwa mashine na hakuna anayeshtuka. Lakini bibi akimkalisha mtoto uani na kumnyoa kwa wembe, baba haonekani, kila mtu anajua maana yake: baba amekufa. Mokami mwenyewe aliwahi kuushika wembe huo. Felix alikuwa na miaka tisa, kaburi la Daudi halijakauka, na kichwa cha yule mtoto kilitoka cheupe, kidogo, kama si chake. Aliapa moyoni kwamba hatamnyoa mtoto mwingine hivyo.

Kabla ya kuondoka, Eugenia aliandika daftari zima la jinsi ya kutunza nywele za Editha. Mokami alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati.

"Mama, naomba ulisome," Eugenia alisema. "Zinafungana upesi sana zile."

"Mwanangu, nimechana watoto kabla wewe hujazaliwa."

Na kweli alimchana, nywele kavu, kwa kitana chembamba. Editha alilia hadi majirani wakasikia. Hilo nalo lingevumilika, kama si Winfrida.

Winfrida ni dada wa marehemu Daudi. Siku moja alikuja kuomba mbegu za mtama, akamkuta Editha anacheza na nywele zimetawanyika mabegani. Akazishika, akazinyosha, akaziachia zikajiviringa tena.

"Wifi, hizi tumezitoa wapi? Kwetu sisi nywele ni ngumu, hata kitana kinaomba msamaha."

"Zimetoka kwa mama yake."

"Kwa mama yake, sawa. Na baba katoa nini?" Winfrida akacheka, akapiga makofi. "Au Felix alitoa mahari tu?"

Mokami hakucheka. Alimpa mbegu zake, akamsindikiza hadi njiani kama kawaida. Aliporudi alifungua sanduku, akatoa kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, akamvika mtoto hadi masikioni. Waliomuuliza aliwaambia ni baridi. Editha alicheza na kofia, akala na kofia, akalala na kofia. Asubuhi bibi yake alimchana nywele za mbele tu, zile zinazochungulia, akaivuta kofia tena chini. Siku kumi na saba.

Ni katika siku hizo hizo simu ya Felix ilikufa. Mwanzoni Mokami hakujali, maana Katavi mtandao ni wa shida. Wiki ya pili alianza kupanda kwenye jiwe nyuma ya zizi, mahali simu inaposhika vizuri, akipiga asubuhi na jioni. Kila mara alijibiwa na yule mwanamke wa mtandao, kwa sauti yake ya upole isiyobadilika, kwamba mteja hapatikani. Alianza kumchukia mwanamke yule.

"Mama, shikamoo," Eugenia alipiga kutoka Mwanza. "Amekupigia?"

"Marahaba. Bado. Wako porini, betri zimewaishia."

"Wote, mama? Kambi nzima?"

"Soma vitabu vyako, Eugenia."

Siku ya kumi na saba, ilikuwa Jumanne, Editha alijikuna hadi akalia, na kofia ilikuwa na harufu. Mokami aliivua. Nyuma, kuanzia utosini hadi shingoni, nywele zilikuwa zimeshikana pande moja, ngumu kama kipande cha blanketi kilichofuliwa vibaya. Nyuzi za sufu zilikuwa zimeingia ndani yake. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na kidonda kinachotoa usaha. Aliketi chini pale pale sakafuni.

Tabibu wa zahanati siku hizo alikuwa kijana Anselm, mtu wa Njombe. Alimpa mtoto dawa ya kunywa na ya kupaka, kisha akagusa lile pande kwa ncha ya kidole.

"Bibi, hii nyoa tu. Dawa ifike kwenye ngozi."

"Hainyolewi."

"Nywele si zitaota? Ndani ya miezi miwili..."

"Kijana, umesikia. Hainyolewi."

Anselm alimtazama, mwalimu mstaafu mwenye miwani na kitenge kilichopigwa pasi, akashindwa kuelewa. "Basi ifumuliwe, lakini upesi. Kidonda kikienea tutampeleka Tarime mjini. Ijumaa nimwone."

Njiani kurudi, mtoto mgongoni, Mokami alihesabu siku bila kutaka. Alikuwa mtu wa shule. Aliwafundisha watoto wa watu kwamba radi haitumwi na mtu na kwamba bundi ni ndege kama kuku. Alijua vizuri kuwa wembe wa Nyanungu haumfikii mtu aliye Katavi. Aliyajua yote hayo, na bado alihesabu. Kama Felix alikuwa hai mahali fulani, basi alikuwa hai akiwa na binti mwenye nywele. Angezinyoa, angekuwa amekubali. Angekuwa ametia sahihi kwenye karatasi ambayo hakuna aliyemletea.

Jumatano asubuhi alishusha daftari la Eugenia kutoka juu ya kabati, akavaa miwani, akalisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Usichane zikiwa kavu. Maji ya uvuguvugu kwanza, kisha mafuta ya nazi, mengi. Gawanya. Shika karibu na ngozi ili asiumie. Anza nchani, panda taratibu kuelekea juu. Tumia vidole kabla ya chanuo, na chanuo liwe lile lenye meno mapana. Pembeni Eugenia alikuwa ameandika: Mama, akilia mwimbie, anapenda.

Alimkalisha Editha kwenye mkeka uani, kati ya magoti yake. Akalowesha, akapaka mafuta, akaanza ukingoni, unywele mmoja mmoja, akizitoa nyuzi za sufu kwa sindano ya kushonea. Hadi mchana alikuwa amefumua sehemu ya upana wa kidole gumba.

"Bibi, unanivuta roho."

"Roho haikai kwenye nywele. Tulia."

"Inakaa wapi?"

"Kifuani. Inamisha kichwa."

Mtoto akachora udongo kwa kijiti. "Bibi, baba amekufa?"

Vidole vya Mokami vilisimama. "Nani kakuambia?"

"Mjukuu wa bibi Winfrida. Kasema mama yako hajui, bibi yako anajua."

Kwa hiyo lilikuwa limeshaanza kusemwa. Mokami alitazama njia, akatazama mlango wa zizi, kana kwamba mtu angetokea saa ile ile akiwa ameshika kofia mkononi, kama wanavyofanya wanaoleta habari mbaya. Hapakuwa na mtu.

"Baba yako anaendesha greda," akasema. Akaanza kuimba, vibaya, na Editha akamsahihisha maneno.

Jumatano iliisha, Alhamisi ikaisha. Vidole vilimvimba. Chakula kiliungua mara mbili. Kila alipofungua fundo moja alijiambia hilo ni la Felix, amevuka hapo. Na kila unywele ulipokatika mkononi mwake alijiambia hapo amekwama. Aliona aibu kuwaza hivyo, lakini hakuweza kuacha.

Ijumaa asubuhi lilikuwa limebaki fundo moja, lile lililokaa juu ya kidonda chenyewe. Usaha ulikuwa umekauka ndani yake, na mafuta hayakuingia. Mtoto alipiga kelele hata kabla hajaguswa. Mkasi wa nyumbani ulikuwa butu, na Anselm alikuwa anawasubiri. Mokami aliingia ndani, akakaa juu ya kitanda muda mrefu, halafu akatoka na wembe mpya. Alikata fundo lile tu, dogo kama punje ya karanga. Lilidondoka kwenye mkeka, kati ya nywele zote zilizokatika kwa siku tatu.

"Hodi," Winfrida akasema, tayari yuko uani.

Aliona mkeka. Aliona nywele chini. Aliona wembe mkononi mwa wifi yake. Hakungoja kuambiwa.

"Uuuwi! Felix! Mtoto wa kaka yangu! Uuuwi!"

Akakimbilia njiani, mikono kichwani, na yowe lake likapokelewa na boma la pili, na la tatu. Wanawake walikuja wakilia. Wanaume walikuja na viti vyao, kimya. Mzee Matiko, jirani wa upande wa juu, alikuwa ameshauliza kaburi litachimbwa upande gani kabla hajasalimia. Editha alijificha ndani ya kitenge cha bibi yake.

Mokami alisimama. Hakujua kama mwanawe alikuwa hai. Hilo ndilo ambalo hakuna mnadani anayelisema: kwamba alisimama mbele ya watu wote wale, na kama kungekuwa na mtu wa kumwambia kweli angemwangukia miguuni. Alimvuta mtoto mbele, akamgeuza, akapitisha chanuo lenye meno mapana kutoka utosini hadi mgongoni. Lilipita bila kukwama.

"Tazameni," akasema. "Mzee Matiko, sogea utazame. Hizi ni nini?"

"Nywele, Mwalimu."

"Umewahi kuona yatima wa ukoo huu ana nywele?"

Mzee Matiko alivua kofia, akaivaa tena. "Sijaona."

"Basi hapa hakuna msiba. Chukueni viti vyenu."

"Na wembe, wifi?" Winfrida alikuwa bado anahema. "Wembe ulikuwa wa nini?"

"Wa kidonda. Kidonda nilichokileta mimi kwa kofia, na kofia ni kwa sababu ya mdomo wako. Nenda nyumbani, Winfrida."

Walikwenda, lakini yowe lilikuwa limetangulia. Kabla Mokami hajamfunga mtoto mgongoni kwenda kwa Anselm, simu iliita.

"Mama." Eugenia alikuwa analia hadi maneno hayasikiki. "Nimepigiwa. Ni kweli?"

"Si kweli."

"Umezungumza naye? Mama, umemsikia mwenyewe?"

Mokami alifumba macho. "Sijamsikia. Ila nimemchana binti yake, Eugenia. Siku tatu. Nimefuata daftari lako. Sijamnyoa."

Eugenia ni Mmbulu, hakukulia mila za Nyanungu, lakini amekaa pale miaka sita na alielewa alichoambiwa.

"Asante, mama," akasema. "Usimnyoe."

Siku nne zilizofuata hazina la kusimulia. Kidonda kilikauka. Mokami alilowesha, alipaka mafuta, aligawanya, alisuka mabutu manne mapana yasiyobana, na kofia aliichoma. Alikuwa hapati usingizi, na akisikia pikipiki barabarani alishika ukuta.

Jumatano, saa nne asubuhi, mtu alipiga kwa namba isiyojulikana. Mokami alikuwa juu ya jiwe.

"Mama, shikamoo. Ni mimi."

Akasema, "Marahaba, Felix," akateremka kutoka kwenye jiwe taratibu, akaongea naye akiwa ameketi kwenye nyasi, dakika arobaini. Maneno yote aliyoambiwa aliyasikia yeye peke yake, na jioni aliyarudia kwa Eugenia peke yake.

Jumapili, nje ya kanisa, Winfrida alimjia na wanawake wawili nyuma yake.

"Wifi, tunamshukuru Mungu, kijana yu hai. Sasa siku zote zile alikuwa wapi? Maana watu wanauliza. Wengine wanasema polisi, wengine wanasema mwanamke..."

Mokami alimfunga Editha utepe uliokuwa umelegea, akamshika mkono.

"Mwanangu yu hai, na mtoto wake ana nywele," akasema. "Mengine ni ya nyumba yangu. Sisemi."

"Lakini wifi..."

"Nimesema sisemi."