Mikono ya Martta Saa ya Kukamua

Daktari wa mjini aliipiga picha mikono ya Martta Ruuska, akaigeuzageuza, akasema haina kasoro. Haina kasoro! Mikono iliyowaka kwa maumivu kila alfajiri na kila jioni, saa ya kukamua, kuanzia viganjani hadi mabegani, hata kikombe cha kahawa kikamshinda. Na ng'ombe wenyewe hawakuwapo tena.

Mumewe Oiva aliwauza wote Martta alipokwenda kumzika dada yake. Aliporudi alikuta zizi limefagiliwa, vibao vya majina bado vinaning'inia: Mansikki, Heluna, Omena.

"Nimekuepusha kuwaona wakipandishwa lori," Oiva alisema.

"Haya," Martta akajibu, akateleka kahawa. Huku kwetu Savo, Ufini, watu hawapigi kelele kwa mambo kama hayo, na hilo ndilo linaloniudhi. Angelisema siku ile, ungekuwa ugomvi wa siku mbili, basi. Alilimeza neno lake.

Jumamosi moja akamwita Hilja, mama wa kuumika watu damu, aje saunani, chumba chao cha mvuke, na pembe zake. Hilja alimchanja mgongoni, akaitazama damu.

"Damu nzuri tu hii, shoga. Ningekuwa nayo mimi, ningeolewa tena." Kisha akamkanda mabega, mzaha ukamwisha. "Una nini na huyo mzee wako?"

"Sina kitu."

"Mabega yamekaza kama ya mtu anayezuia mlango usifunguliwe."

"Sina kitu, nimesema."

Hilja alipoondoka, Oiva akaingia, akapanda benchi la juu kando ya mkewe na kumwagia maji mawe ya moto. Saa ya kukamua ikafika, mikono ikaanza kuwaka. Saunani watu hukaa kama kanisani, hawagombani, wamelelewa hivyo. Martta akauvunja mwiko.

"Hukuniacha hata niwaage. Hata Mansikki, Oiva! Nilimvuta kwa mikono hii kutoka tumboni mwa mamake."

Oiva akajikunja, akalishika tumbo.

"Alikataa kupanda," alisema. "Akawa anageuka kutazama nyumba. Alikuwa anakutafuta wewe. Tangu siku hiyo tumbo linanikata, saa hii hii. Nikadhani ni uzee."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ndipo wangerudi?"

Martta alitaka kumshika bega, vidole vikakataa kukunjika. Wakakaa hivyo hivyo, yeye na mikono yake, mzee na tumbo lake, wakingoja saa ya kukamua ipite.