Siku Kwaya Ilipokuja Kuchukua Mizigo

Bado nina aibu, lakini acha niwasimulie. Sisi wanafunzi wa uhandisi hapa Kolwezi tulikuwa tumeboresha makabati ya karakana yetu. Kifaa ulichoagiza kikiwekwa ndani, simu yako inapata ujumbe wenye namba ya kufungulia. Asubuhi ya kumwonyesha profesa kazi yetu, nilijitumia ujumbe wa majaribio, nikafurahi kuona umekwenda.

Muda si mrefu wanakwaya wenzangu wa kanisani wakaanza kuwasili kutoka mtaa wa Manika, wengine kwa pikipiki za taxi-moto. Moyo ulinijaa furaha. Nikadhani wamekuja kunishangilia. Nikapanda juu ya kiti, nikawaeleza waya mmoja mmoja.

Mama Béatrice, kiongozi wa kwaya, akanikatiza.

“Mutoto, tumesikia. Sasa utupatie bitu byetu.”

“Bitu gani, mama?”

Akampa profesa, aliyekuwa amesimama kando akitutazama, simu yake, naye akasoma kwa sauti: “Colis yako imefika, kuya kuichukua.” Kumbe nilipotuma ule ujumbe wa majaribio wa kwamba mzigo umefika, kidole changu kiligusa jina la kundi la kwaya badala ya langu, na mfumo ukampa kila mwanakwaya namba ya kabati lake.

“Basi wafungue,” profesa akasema.

Wakabonyeza namba zao. Kila mlango ulifunguka vizuri kabisa, na kila kabati lilikuwa tupu.